Kumuaga Dokta wa Mbwa wa Kiboriloni

Mheshimiwa Diwani, Baba Mchungaji, Shehe wetu, Dokta Nasrin tunayemuaga leo, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wenzangu wa Kiboriloni: wazee shikamooni, vijana hamjambo?

Mimi Gidioni, mwenyekiti wenu wa mtaa, nimeombwa nimsifu Dokta. Nimekaa na karatasi wiki nzima, na bado sijui nianzie wapi, maana huyu mama amenivuruga kichwa.

Wengi mnajua mdogo wangu Hosea alikufa kwa kichaa cha mbwa. Aliumwa na mbwa pale sokoni, akaosha kidonda, akaendelea kuuza ndizi zake, hakwenda kuchomwa sindano. Siku ya mwisho nilimshika mikono, akiogopa hata kikombe cha maji. Baada ya mazishi niliandika barua kuomba mbwa wote wa mitaani wapigwe risasi. Nani hapa angeandika tofauti?

Ndipo Dokta akaja ofisini. "Shikamoo mzee. Ukiwaua hawa, watakuja wengine kutoka Rau, wasiochanjwa. Tuwachanje, tuwafunge uzazi, tuwarudishe."

"Tuwarudishe?" nikamuuliza. "Ungekuwa mimi, ungewarudisha?"

Akajibu, "Ningekuwa wewe, ningewachukia. Lakini ningewachanja."

Nilikubali, au nilishindwa tu kukataa? Hadi leo sijui. Ninachojua, asubuhi ya chanjo nilijikuta nimeshika kamba, na upande wa pili jike la rangi ya majivu linatetemeka. Dokta akasema, "Mshike taratibu, mzee, anaogopa." Nikamjibu, "Na mimi je?" Mkacheka. Mimi sikuwa natania.

Miaka mitatu sasa hatujazika mtu kwa ugonjwa ule, wala hatuoni vitoto vya mbwa vikifa mitaroni. Lile jike hulala mlangoni pa ofisi yangu. Silipendi. Likichelewa, natoka nje kuliangalia. Hosea angenielewa? Mjane wake, Kornelia, yuko hapa. Nilimuuliza, akasema, "Shemeji, hata mimi namtupia mifupa."

Juzi mwenyekiti mwenzangu wa kule Himo alinipigia, anatafuta mtu mwenye bunduki awamalize mbwa wa kwao. Nikamwambia, "Andika." Nikamtajia namba ya Dokta, tarakimu moja moja, bila kuitafuta popote. Nilipokata simu, nikajiuliza: Niliikariri lini?

Dokta, nakushukuru. Nanyi nyote, asanteni kwa kumvumilia mzee aliyesimama hapa bila kujielewa.