Kinyozi wa Wamagana Ambaye Hakuhesabiwa

Jioni hii, wasikilizaji wapendwa, tunamkumbuka Mwai Gicheru, kinyozi wa mji mdogo wa Wamagana, Nyeri. Mwai alizikwa Jumamosi iliyopita nyumbani kwao, kando ya shamba la majani chai la mama yake. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne. Alikufa kwa kisu.

Nalisema neno hilo waziwazi kwa sababu mama yake, Phyllis Wachuka, ameniomba nilitamke. "Usiseme ajali," aliniambia. "Usiseme ati alituacha ghafla. Sema kisu."

Basi, wasikilizaji, Mwai Gicheru alikufa kwa kisu.

Wengi wenu mlimjua kupitia duka lake la kinyozi pale sokoni. Kilikuwa chumba chembamba, chenye viti viwili na harufu ya spiriti. Watu walikwenda kunyolewa, lakini walikwenda pia kubishana. Na mwaka huu ubishi ulikuwa mmoja: visu. Ilisemwa kwamba visu vimejaa Nyeri mjini, vimejaa Karatina, vimejaa Othaya. Ilisemwa kwamba vijana wasiojulikana wanawavizia watu karibu na steji ya matatu.

Mwai hakukubali. Kila ripoti ya uhalifu ilipotangazwa, yeye aliisoma kwenye simu yake mpaka mwisho. Na ripoti zilisema kwamba visa vya watu kudungwa visu vilikuwa vinapungua. Mpinzani wake mkuu alikuwa rafiki yake Mburu, muuza mbegu za viazi.

"Wewe Mwai, hizo namba zako zinatoka wapi? Juzi kijana amedungwa hapo Nyeri!"

"Nani alimwona?"

"Watu."

"Watu gani? Waliona na macho yao, ama waliambiwa na wewe?"

"Ati mimi? Ngoja siku wewe utashikwa, ndio uwaonyeshe hiyo ripoti."

"Tulia kichwa, Mburu. Ukiendelea kutetemeka hivyo nitakunyoa sikio."

Chumba kizima kilicheka. Na tukubali, wasikilizaji, kwamba hoja ya Mwai ilikuwa na uzito. Kisa kimoja kikipita katika vinywa vingi, hugeuka kuwa visa vingi. Hofu haihesabu, hofu hurudiarudia. Mwai alilijua hilo vyema.

Lakini Mwai mwenyewe alikuwa na kovu nyuma ya bega la kushoto.

Kovu hilo lilitokana na kisu. Alidungwa miaka kadhaa iliyopita, katika ugomvi wa nyasi za kulishia ng'ombe zilizokuwa zimeota mpakani. Aliyemdunga hakuwa kijana wa steji. Mama Phyllis anasema alikuwa Dedan, mtoto wa mzee Kihara, baba mdogo wa Mwai. Mashamba yao yanapakana. Ua mmoja tu unayatenganisha.

Hospitalini, daktari aliuliza jeraha limetoka wapi. Mama Phyllis ndiye aliyejibu. Alisema kijana wake ameangukia seng'enge. Baadaye wazee wa pande zote mbili waliketi. Mzee Kihara alileta mbuzi. Mbuzi alichinjwa, Mwai na Dedan wakala nyama kutoka sinia moja, na mama akaomba dua ya kufunga mkutano. Hakuna aliyekwenda polisi.

Mnajua desturi hiyo, wasikilizaji. Tunaiita kumalizia nyumbani. Wengi wetu tumeketi katika mikutano ya namna hiyo, na tumerudi makwetu tukiamini kwamba tumeokoa ukoo.

Basi kwa polisi, hapakuwa na kisa. Kwa hospitali, palikuwa na ajali ya seng'enge. Katika ripoti aliyoipenda na kuitetea, Mwai hakuwemo.

Aliligundua jambo hilo mwenyewe, katika baraza ya chifu. Afisa mmoja wa usalama alisoma takwimu. Alisema visa vya kudungwa visu vimepungua, na Mwai akawa wa kwanza kupiga makofi. Kisha afisa akaongeza, kwa uaminifu wa kazi yake: "Lakini muelewe, hizi ni zile mmetuletea. Ile hamkuleta, sisi hatuna."

Baraza iliguna, ikacheka kidogo. Mwai hakucheka.

Dada yake, Lynn, alitembea naye kurudi nyumbani. Anakumbuka hivi: "Alitembea polepole mpaka nikafikiri ni mgonjwa. Nikamuuliza, kwani ni nini? Akaniambia, 'Lynn, mimi sikuhesabiwa. Hizi siku zote nimebishana na watu, na mimi mwenyewe siko ndani.'"

Mwai alimwambia mama yake kwamba angetaka kwenda kituoni kuandikisha kisa chake cha zamani. Hakuwa akitafuta kisasi. Sababu yake ilikuwa Shiku, mke wa Dedan. Mwai alikuwa akimsikia Shiku akilia ng'ambo ya ua, na kilio hicho kilikuwa kinazidi.

Mama yake alimsihi angoje. Mtoto wa mwisho wa Dedan na Shiku alikuwa karibu kubatizwa. "Nilimwambia, ngoja mtoto abatizwe kwanza," anasema Mama Phyllis. "Nikamwambia, usituletee aibu mbele ya kanisa."

Mwai alingoja. Mtoto alibatizwa. Mwai alihudhuria, akapigwa picha akiwa amembeba.

Wiki iliyofuata, wakati wa mchana, Shiku alipiga mayowe. Mwai alikuwa nyumbani siku hiyo. Alikimbia akapenya kwenye ua hadi kwa Dedan. Shiku anaeleza kwamba Dedan alikuwa amemwinulia yeye kisu cha jikoni, na Mwai akaingia katikati. Mama Phyllis anasema alifika nyuma ya mwanawe, akaona kwa macho yake Dedan akimdunga. Mwai alikata roho njiani, kabla ya kufika hospitali.

Dedan amekana. Anasema Mwai alikiangukia kisu walipokuwa wakivutana. Kesi i mahakamani, na si kazi ya kipindi hiki kumhukumu mtu. Ninachosimulia ni yale waliyoyasema wanawake wawili waliokuwepo.

Siku chache kabla ya maziko, mzee Kihara alifika kwa Mama Phyllis akiwa na wazee wengine. Hakuja kwa ubaya. Lynn alikuwepo, na anasema mzee alikuwa akilia. Alimwomba shemeji yake akubali kwamba ilikuwa ajali, nao wazee wakae chini kama walivyokaa mara ya kwanza.

"Mama Mwai," alisema, "mmoja ameenda. Ukitoa na huyu mwingine, tutabaki na nani?"

"Tutabaki na Shiku," Mama Phyllis alijibu. "Tutabaki na watoto."

"Sisi ni damu moja."

"Kihara, ile mbuzi ulileta, mimi nilikula. Nikaomba na macho nimefunga. Sasa nimefungua. Mbuzi ingine usilete."

Kesho yake Mama Phyllis alikwenda kituoni pamoja na Shiku. Shiku aliandikisha maelezo yake. Mama Phyllis aliandikisha yake, kisha akasema ana kisa kingine. Akaeleza juu ya ugomvi wa mpakani na kovu la begani. Askari alimsikiliza kwa upole.

"Mama, hiyo ni ya kitambo. Na mwenye aliumizwa hayuko."

"Mimi niko," alisema. "Mimi ndio nilidanganya daktari. Andika yote, na hiyo yangu pia andika."

Askari aliandika.

Wasikilizaji wapendwa, ripoti ijayo ikisomwa, huenda idadi ya visu ikapanda. Tutashtuka. Tutasema mambo yameharibika, na tutawatazama kwa shaka vijana wa steji. Nawaomba siku hiyo mkumbuke kwamba nyumba moja ya Wamagana imepeleka visa viwili, na kimoja kati yavyo kilitokea zamani.

Kwa Mama Phyllis Wachuka, kwa Lynn, kwa Shiku na wanawe, poleni sana. Kwako pia, mzee Kihara, uliyempoteza mtoto wa kaka yako na ambaye sasa unamsubiri mwanao mlangoni mwa mahakama, pole. Mwenyezi Mungu awatie nguvu, na roho ya Mwai ipumzike kwa amani.

Nawe unayenisikiliza: ikiwa nyumbani kwako yuko mtu aliyeumizwa, na mlikubaliana kunyamaza, mtazame jioni hii. Muulize kama anaogopa. Yuko hai. Bado anaweza kukujibu.