Iz ao Waz

Mwaka wa tatu wa vita, kijiwe cha mbele ya duka la Mzee Nasor, pale mtaani Buyenzi, kilibaki na watu watatu na birika moja la kahawa chungu. Anselme aliupenda ubishi wa pale kwa sababu ulimzuia kufikiri. Walimwita Mombasa, maana aliwahi kuendesha lori mpaka bandarini akarudi na Kiingereza. Asubuhi moja alitokea Ghanima, mke wa rafiki yao Zayd, na daftari la shule ya watu wazima. Mwalimu alitaka sentensi tano za Kiingereza juu ya mume wake.

— Wazee, niandike "iz" ao "waz"?

— Iz ni ya mutu mukubwa, Mzee Nasor akakata shauri. Waz ni ya wadogo. Adabu tu!

— Apana! Musafiri, fundi redio waliyemwita Ministri, akaruka. Waz ni ya mwanaume, iz ya mwanamuke. Sawa na Kifaransa.

— We Ministri unajua nini?

— Nasikia redio yao kila siku! Hata Waingereza wanabadilisha, mvua ikinyesha wanasema waz. Haba na haba hujaza kibaba!

— Kibaba kinaingia wapi hapa?

Anselme alicheka nao, mpaka Ghanima akamgeukia.

— Shemeji, we ndo unajua.

— Iz, mutu yuko. Waz, mutu alikuwa.

— Basi Zayd ni gani?

Mwezi wa tano Zayd alipanda lori la Anselme kwenda Rumonge. Anselme alirudi peke yake, akasema walisimamishwa njiani, yeye akakimbia, hakuona yaliyompata Zayd. Woga mtupu, jamani! Tangu hapo Ghanima anapika wali wa watu wawili. Kwa Kiswahili neno la kumjibu lilimshinda Anselme miezi saba. Kwa Kiingereza likatoka.

— Waz.

— Uliona?

— Niliona wakimuua, shemeji. Kwenye bariyeri ya wenye bunduki, kupita Musaga. Siku ileile. Nilishindwa kukwambia.

— Inna lillahi, Mzee Nasor alinong'ona.

Ghanima hakulia. Alihesabu miezi kwa vidole, taratibu, kutoka wa tano. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na inahesabiwa tangu siku ya kifo, hata habari ikichelewa.

— Eda yangu ilikwisha mwezi wa tisa, Anselme, alisema. Na mi sikumukalia hata siku moja.