Dada Yetu, Aliyevaa ili Asikumbukwe

Ndugu waombolezaji, majirani wapendwa, na ninyi wafanyakazi wenzake mliokaa safu ya nyuma karibu na mlango kama ilivyo desturi yenu, familia imenituma nisome maisha ya marehemu dada yetu, nami nitasoma taratibu, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda mambo ya haraka haraka.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba za wafanyakazi wa reli nyuma ya stesheni, akiwa mtoto wa tatu wa karani wa tiketi, na mama yetu alizoea kusimulia kwamba saa ile moshi wa treni uliingia dirishani ukatanda chumba kizima, hata mkunga akawa anampapasa mtoto kwa mikono, kwa hiyo twaweza kusema dada alianza kazi yake mapema.

Alisoma shule ya msingi iliyopakana na kiwanda cha sabuni, kisha sekondari ya wasichana ya bweni, akamaliza mwaka 1969, na walimu wake walimsifu kwa utulivu, isipokuwa mmoja aliyesema wazi kwamba hamkumbuki.

Tarehe 3 Januari 1972 aliajiriwa serikalini, nasi tukaambiwa ni karani wa takwimu, tukaridhika, maana nani anauliza habari za takwimu, lakini leo ofisi yake imeturuhusu kusema kwamba dada alikuwa mtumishi wa idara ya usalama, aliyefuata watu na kuketi jirani nao bila kuonekana, na baadaye akawa mwalimu wa mavazi kwa wasichana waliojiunga na idara. Msifikirie miwani myeusi na makoti marefu. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya pili, kina kioo kirefu, pasi isiyopoa na pazia jepesi lililopepea hata pasipo upepo, na humo nguo mpya ilifuliwa na kufuliwa tena mpaka upya uitoke, viatu vilitembezwa mpaka vinyamaze, bangili na manukato viliachwa mlangoni, na mtandio ulishonwa pande mbili, upande wa bluu wa kuingilia sokoni na wa kahawia wa kutokea. Mwanafunzi alitumwa dukani kununua kiberiti, kisha Shangazi, kama wanafunzi walivyomwita dada, aliingia nyuma yake na kumuuliza muuza duka yule msichana alivaa nini, na muuza duka akikumbuka japo kifungo kimoja, mwanafunzi alirudishwa kwenye kioo.

Tarehe 14 Agosti 1976 alifunga ndoa na fundi cherehani wa mtaa wa pili, aliyejuana naye alipompelekea kitambaa cha kijivu akitaka gauni ambalo hakuna mtu atakayeuliza limeshonwa wapi, na shemeji yetu, ambaye riziki yake yote ilitokana na kuulizwa huko, akamwambia, "Dada, unataka nife njaa?", lakini akalishona, akaweka mifuko ndani ya mifuko bila kuuliza ya nini, na kwa kutouliza huko dada akampenda moja kwa moja. Ukimkumbuka dada nyumbani kwao miaka ile, unamkumbuka kama ndoto ya alfajiri, mlango umefunguka, chai iko mezani, mtu alikuwepo, alikuwa amevaa nini, hujui.

Walijaliwa binti mmoja, aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 1979. Mwaka 1985 mama na mwana walikwenda kununua viatu vya shule, wakapoteana kwenye stendi ya mabasi, na askari wa kike akamketisha mtoto juu ya meza ya tiketi akamuuliza, "Mama yako kavaa nini?" Mtoto akafikiri sana, akasema hajui. "Ana sura gani?" "Ya mama." Dada alikuwa amekwisha kufika, amesimama nyuma ya askari, amesikia yote, na alipomchukua mwanawe alimshika mkono kwa nguvu hadi nyumbani, akamwambia mumewe kwamba leo amefaulu mtihani ambao hakuutaka. Toka hapo alikuwa na hofu moja tu, kwamba atakufa na mwanawe hatabaki na picha yake moyoni. Jumapili moja alijaribu gauni jekundu, akazunguka nalo vyumbani huku jua likicheza ukutani, lakini alipofika mlango wa nje miguu ilikataa, akalivua. Na binti alipokuwa mkubwa alimwambia bila ubaya wowote, "Mama, nikifumba macho sikupati," na neno hilo lilimuuma dada mpaka uzeeni.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2006, akafiwa na mumewe mwaka 2011, na mapema mwaka 2022 alianza kuugua figo, akalazwa hospitali ya rufaa tarehe 5 Mei. Binti yake, aliyekuwa akifanya kazi nchi ya mbali, alifika mchana wa tarehe 9, wodi nzima imelala, wanawake wote wamevaa gauni lile lile la hospitali lililopauka, wamefunikwa shuka zile zile, wameupa mgongo mwanga wa dirishani, na kabla muuguzi hajainuka kumuuliza anamtafuta nani, binti alishapita kitanda hiki na kile, akainama, akaweka kiganja juu ya bega moja. Dada, bila kugeuka, aliuliza kwa ile sauti yake ya kazini, "Nani kakuonyesha?" "Hakuna, mama." "Na sote tumevaa sare, umenijuaje?" "Sasa mama, ningekukosaje?" Ndipo dada akageuka, akalia kwa furaha, na muuguzi anasema alilia huku akicheka, akitaka aambiwe tena.

Alifariki tarehe 11 Mei 2022 asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa binti yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, majirani waliotupikia na kutulalia matanga, na wafanyakazi wenzake, ambao niliwapokea mwenyewe mlangoni asubuhi hii na tayari siwezi kusema nani kavaa nini, Shangazi angejivunia. Dada yetu, kazi imekwisha, na yule uliyetaka akuone amekuona. Pumzika kwa amani.