Injinia wa Benchi la Kinyozi

Benchi la nje ya duka la kinyozi lina mguu mmoja mfupi, na asubuhi ile aliyekaa upande huo ni Pancha, laptopu mapajani, kikombe cha kahawa pembeni. Alikuwa fundi wa kuziba matairi mpaka mgongo ulipomgomea, ndipo bintiye akampa laptopu yake ya zamani ajifunze kutengeneza programu. Sharti lilikuwa moja: leo akija akaikuta bado pambo, anaichukua ampe mdogo wake anayesoma. Pancha hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Wiki nzima alikuwa akiwaambia wenzake wamwite Injinia, wakagoma. Sasa mashine ingewafundisha adabu, maana alikuwa ameandika mstari mmoja wa kumwamkia yeye mwenyewe. Akabonyeza kitufe cha kuendesha programu.

— Imesemaje? akauliza Wakili, ambaye mahakamani hajawahi kufika ila kama shahidi, lakini kubisha anakujua.

— Imesema, "Imemaliza. Hakuna kosa."

— Imemaliza nini na haijaanza?

Pancha akaongeza alama za mshangao kwenye mstari wake, akabonyeza tena. Imemaliza. Hakuna kosa.

— Ina aibu hiyo, akasema Kinyozi kutoka mlangoni, mkasi mkononi, mteja kamwacha ndani na nusu kichwa. Hebu tutazame kule.

Wakatazama kule wote, watu wazima na ndevu zao. Pancha akabonyeza kwa kuvizia. Wapi!

— Ifunike! akaamuru Wakili. Samaki mkunje angali mbichi.

— Hiyo ni ya kulea watoto, bwana, akapinga Kinyozi.

— Kwani hii ina umri gani?

Ikafunikwa, ikafunuliwa. Hakuna kosa.

— Basi nimeshaelewa, Wakili akashusha kikombe. Salamu inatoka, ila inakwenda kwingine. Kuna mtu huko ughaibuni anaamkiwa tangu asubuhi, na hajui ni nani anamwamkia.

— Masikini! Na anaitikia peke yake, akasema Kinyozi.

— Akichoka atashtaki. Injinia, tafuta mtu wa kukutetea.

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza Pancha kuitwa Injinia, na ilikuwa kwa ajili ya kushtakiwa.

Binti akatokea, mkoba mtupu begani.

— Shikamoo baba. Shikamooni.

— Marahaba, mama. Mbona umewahi?

Pancha akautupia jicho ule mkoba, ulikuwa wa kubebea laptopu. Tangu mgongo umgomee, laptopu hii ndiyo iliyokuwa ikimtoa kitandani. Ikiondoka, atabaki na benchi na mguu wake mfupi.

Binti akainama, akasoma kioo cha laptopu.

— Baba, mnaouandika ni mradi huu wa Ushindi. Mnaouendesha ni upi?

Wakili akatazama kahawa yake. Kinyozi akamkumbuka mteja ghafla, lakini hakuondoka. Pancha akakodoa macho juu ya kioo, kando ya kitufe. Palikuwa pameandikwa Jaribio, mradi alioufungua jana akauacha bila hata neno. Kumbe asubuhi nzima alikuwa anaendesha utupu, na utupu kweli hauna kosa.

Akachagua Ushindi, akabonyeza.

"Shikamoo, Injinia!!!!"

Binti akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akaukunja mkoba wake mtupu, akautia kwapani. Pancha akajinyoosha, mgongo na maumivu yake, akasubiri heshima.

— Marahaba, Pancha, benchi zima likaitikia.