Swali la Mwanamke wa Larisa

Jumamosi za Agosti, feri ya asubuhi ikishatapika wageni wa boti za tanga, benchi la mbele ya mgahawa wa Mama Anthula, bandarini Limnari, huwa limekwisha jaa. Mzee Stamatis hukaa pembeni, mgongo ukutani. Miaka thelathini alikuwa nahodha wa feri. Sasa kazi yake ni kahawa chungu na kunyamaza. Huko kunyamaza alilazimishwa. Mwezi uliopita aliwatisha wageni kwa habari za upepo, wakafungasha wakaondoka. Mwanawe Iordanis, mwenye boti tatu za kukodisha, akamwambia, “Baba, ukifungua mdomo tena mbele ya wageni wangu, tusijuane.” Tangu siku hiyo, hata salamu hakuna.

Asubuhi hiyo bahari ilitulia kama mafuta kwenye sahani. Gatini, bwana mmoja wa Larisa, kofia ya unahodha mpya kichwani, alikuwa akipakia mabegi kwenye boti ya Iordanis. Mkewe alisimama kando, mtoto wa kike kamlalia begani.

— Oneni fundo lile! alisema Barometa pale benchini, mchunga mbuzi wa zamani ambaye goti lake hutabiri hewa. Hata kiatu changu sikifungi hivyo.

— Ana cheti, alijibu Balozi, aliyezunguka dunia nzima akipika melini.

— Cheti! Larisa kuna bahari? Kule kuna pamba! Na goti langu linasema meltemi, ule upepo wa kaskazini, unashuka leo leo.

— Goti lako lilisema theluji mwezi wa sita.

— Lilichanganyikiwa. Lakini asiyesikia la goti huvunjika guu.

— Mimi nashangaa haraka yake. Yule mke si wake, katoroka naye.

— Na mtoto?

— Kitanda hakizai haramu, bwana.

— Hilo linaingiaje hapa?

Balozi akashusha sauti.

— Basi ni bima. Panama nilimwona mmoja. Anamkatia mke bima, anakodi boti, anangoja upepo. Chubwi!

Wakacheka, ila kicheko hakikufika mbali. Mzee Stamatis hakucheka kabisa. Macho yake yalikuwa mlimani, ambako wingu jembamba lilikaa kileleni tangu alfajiri, limebana kama kilemba. Yeye hakuhitaji goti.

— Nahodha, umeliona? Barometa alimnong’oneza.

— Sijaona kitu.

— Mficha uchi hazai, mzee.

— Nilishazaa. Ndiyo shida yenyewe.

Hapo yule mwanamke akapanda ngazi za gati, akasimama mbele yao.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, binti.

— Mume wangu anasema hewa ni nzuri. Mwenye boti anasema hakuna tatizo. Nyinyi mmezeeka na bahari hii. Leo mngempandisha mjukuu wenu?

Barometa akakoroga kikombe kitupu. Balozi akatazama mbali, kama vile Panama inaonekana kutokea pale. Mama Anthula akasimama mlangoni na birika lake, hamimini. Kule chini Iordanis alikuwa amenyooka, anamkazia baba yake macho.

Mtoto akageuza shavu begani kwa mama, akaendelea kulala.

— Hapana, alisema Mzee Stamatis. Sauti ilitoka na kutu. Mimi nisingempandisha.

 Mwanamke alishuka, akaanza kuteremsha mabegi, mumewe akimfokea, kofia mkononi. Iordanis alirusha kamba sakafuni mwa boti, akakaa akiwapa benchi mgongo.

Ikapiga saa sita. Bahari mafuta. Saa saba, mafuta. Watu wa Larisa walikula samaki meza ya mwisho.

— Mzee, leo umejimaliza, alisema Balozi taratibu.

Stamatis alilitazama tena wingu la kileleni. Kahawa yake ya tatu ilikuwa imepoa. Kama angekuwa amekosea, mwana ndiyo basi tena.

Saa nane unusu kitambaa cha meza kiliinuka chenyewe. Kikombe kikaanguka. Halafu mlima ukafunguka, upepo ukaporomoka: viti vikabiruka, milingoti ikaanza kupiga mluzi, na maji nje ya bandari yakageuka meupe upana wote. Mwanamke wa Larisa alimkumbatia mtoto hadi akaamka akilia.

Kule gatini boti ya tatu ilikuwa inagonga ukuta, na Iordanis alikuwa peke yake kati ya kamba mbili.

— Baba! alipaza sauti. Baba, njoo unishikie!

Mzee Stamatis alikwisha fika katikati ya ngazi.