Fuvu Langu Nililiona Nikiwa Hai

Assalaam alaykum, ndugu zangu wa Kiswere! Mshukuruni Mwenyezi Mungu pamoja nami, maana huyu mnayemwona amesimama mbele yenu alikwisha kuhesabiwa na wafu.

Mnanijua. Mimi ni Somoe, mke wa Shaibu mshona nyavu. Ilianza pua kuziba upande wa kushoto. Nikajifukiza, nikachuliwa, wapi! Shavu likavimba, pua ikapinda, jicho likawa linasukumwa juu. Harufu ikatoka, ndugu zangu, harufu iliyonitia haya hata mbele ya wanangu. Watu wakanong'ona kuwa ni ukoma. Shughulini nikatengewa sahani yangu peke yangu. Siwalaumu, mimi mwenyewe niliamini. Ni wifi yangu Zuhura tu aliyetia mkono katika sahani ile. "Kula, wifi," alisema. "Kama ni kuugua, tutaugua wote."

Dresa wa zahanati ya Kilwa aliponitazama alisema, "Mama, huu si ukoma. Lakini dawa yake haiko hapa." Shaibu akauza mashine yake ya kushonea, tukapanda meli mpaka Dar es Salaam.

Huko hospitali daktari mmoja wa Kihindi alibonyeza shavu langu, akataka kupasua ubavuni mwa pua. Kisha akasita. "Sikati mahali nisipopajua," alisema. Akanibandika shavuni kipande kidogo cha madini ya risasi, kionekane pichani kiwe kipimo chake, nikapigwa picha ya eksirei, ya mbele na ya ubavuni.

Ndugu zangu, alipoiinua picha ile dirishani nililiona fuvu langu! Matundu ya macho, meno, na upande mmoja wa pua umezibwa na wingu. Nikasoma shahada.

Daktari aliweka rula juu ya picha, akapima, akarudia kupima. Akatuita karibu. "Huu ni uvimbe wenye maji, umekula mfupa. Mfupa unaobeba jicho umebaki kama ganda la yai. Ningepita nilikokusudia, ningeutoboa. Nitapita ndani ya mdomo, juu ya meno, nisivuke hapa." Akatia alama kwa kalamu.

"Na jicho litapona?" nikamwuliza.

"Siwezi kukuahidi, mama. Mimi nimepima tu."

Shaibu alinivuta pembeni. "Turudi, mke wangu. Kama ni kufa, ukafie kwenu."

Nikamwambia, "Mungu amenionyesha mpaka ndani ya mifupa yangu, nami nigeuke nyuma? Niache niingie."

Nilitiwa dawa ya usingizi jina la Mungu likiwa mdomoni.

Nilipozinduka uso wote ulikuwa umefungwa. Siku walipofungua kitambaa, nuru iliingia macho yote mawili. Yote mawili, ndugu zangu! Shaibu aliinama kunitazama, nikavuta pumzi kwa pua, nikasikia harufu ya magome ya mikoko kwenye shati lake, yale anayotilia nyavu rangi. Miaka sikuwa nimemsikia mume wangu hivyo. Nikalia kama mtoto.

Sifa zote ni za Mungu, aliyeuzuia mkono wa daktari mpaka ulipojua pa kupita. Basi mwenye mgonjwa aliyemficha ndani kwa aibu, nakuomba, mtoe. Usiogope kupimwa. Mtegemee Mungu, kisha uje mlangoni kwangu. Nitafuatana nanyi mpaka melini. Amin.