Mzee Dedu, Mwoka Hirizi wa Waset

Marehemu Mzee Dedu alizaliwa Waset, mji wetu kando ya mto, mwezi wa pili wa mafuriko, mwaka wa tisa wa mfalme aliyetangulia. Baba yake alikuwa Nehi, mfinyanzi.

Alisomea uandishi miaka miwili, akafukuzwa kwa kuchora viboko na vyura pembeni ya maandishi ya mwalimu. Wanyama hao ndio waliomlisha baadaye.

Kwa miaka thelathini na nane alisaga mawe, akafinyanga unga wake na kuoka hirizi za rangi ya feruzi: jicho la kuponya, kiboko wa kumlinda mjamzito, na samaki wa kufungwa kwenye ncha ya msuko ili mtoto asizame.

Alimwoa Ipi, wakajaliwa mabinti watatu, mimi Satipi nikiwa mmoja wao. Mdogo wetu Teti alizama akiwa na miaka sita, samaki akiwa nyweleni. Baba hakuacha kuwaoka, ila tangu siku hiyo hakumpa mtu samaki mpaka mtoto ajifunze kuogelea.

Nilimwomba samaki kumi kwa ajili ya mwanangu Senet.

“Kumi? Si atazama kwa uzito, mama Senet! Nitakupa mmoja, ila kwanza umlete mferejini ajifunze.”

“Na mamba, baba?”

“Ndiyo maana nikasema mferejini.”

Alisimama maji yakimfika magotini, akipiga kelele, “Miguu! Piga miguu!”

“Babu, ingia basi!”

“Babu hajui. Mtanifundisha mwakani.”

Vumbi la mawe aliyoyasaga lilimkaa kifuani. Alikohoa misimu miwili, akafariki mwezi wa kwanza wa mavuno, siku ya tano, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama.

Leo, siku sabini za kuuhifadhi mwili wake zimetimia. Asubuhi, kabla ya jeneza kufungwa na kuvushwa mto kwenda makaburini, Senet aliuliza, “Babu ana samaki?” Tulitazama. Jicho lilikuwapo, na hirizi ya mdudu inayowekwa juu ya moyo wa maiti pia. Samaki hakuwapo. Mtoto akafungua wake nyweleni. Nilimshika mkono. Kisha nikauachia, akamweka samaki kando ya babu yake.

Marehemu ameacha mjane, Ipi. Mabinti wawili, Satipi na Hedjeri. Na wajukuu watano, wote wanajua kuogelea. Jioni tutavuka kurudi nyumbani, msuko wa Senet ukiwa mtupu, na mimi mama yake nimekubali.

Baba, umevuka salama. Pumzika sasa.